Watoto Wetu na Vitabu Wasomavyo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, tarehe 13 Februari 2023 Waziri wa Elimu wa Tanzania, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kuwa vitabu 16 vimepigwa marufuku mashuleni kwa kuwa vinakwenda kinyume na maadili na mila zetu. Mashuhuri katika hivyo ni ule mfululizo uitwao Diary of a Wimpy Kid, wa Mmarekani Jeff Kinney, ambao watoto wa shule zinazosomesha kwa Kiingereza walikuwa wakiupenda. Wazazi wengi walishukuru, na kushukuru kwao kulikuwa na haki. Lakini tangu wakati ule swali moja halikomi huku kwetu Ujiji, khasa katika mitaa ya Rusimbi ambako ndiko ninakosomesha: na hivi vilivyobaki, vipi? Mtu akisikia kuwa vitabu 16 vimetolewa, hujiuliza ni vingapi vimebaki, na nani amevisoma.

Sitajibu kwa kutoa orodha yangu ya vinavyofaa na visivyofaa. Orodha zimekwisha kuwa nyingi. Tangu babu zetu mpaka wajukuu zetu, vitabu anavyopewa mtoto wa Ujiji vimegeuka mara nne au tano, na kila waliokuja waliona kuwa waliowatangulia hawakujua cha kuwasomesha watoto. Tuzipitie orodha hizo, kisha tutazame ni kitu gani hasa kilichogeuka. Mimi naona kilichogeuka si vitabu peke yake.

Orodha ya kwanza ni ya chuoni. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, waliwakuta Waarabu na Waswahili wa pwani wamekwisha kutangulia na biashara zao, na palipo na Waswahili wa pwani hapakosi Msahafu na mtu wa kuusomesha. Mwaka ule ule wa 1858, kule upande wa Pate na Siyu, Mwana Kupona alikuwa akimtungia binti yake utendi wake maarufu wa mawaidha. Nautaja kwa sababu ni kitabu cha mtoto wa kike, kilichotungwa na mama, kikakaririwa na wanawake majumbani bila ya kuamriwa na serikali yoyote. Kwa watoto wengine orodha ilikuwa fupi na inajulikana: herufi na irabu zake, juzuu ya Amma kuanzia sura fupi, kisha Msahafu mzima mpaka kuhitimu. Baadaye Safina, na Maulidi ya Barzanji. Aliyejaaliwa kuendelea alisoma Arbaini ya Imamu Nawawi, Ajurumiya kwa ajili ya nahau, Abu Shujaa, na wachache sana wakaifikia Minhaji.

Orodha hiyo ilitoka mbali. Safina yenyewe, kitabu chembamba ambacho mtoto hukimaliza kwa miezi, ilitungwa na Sheikh Salim bin Sumeir wa Hadhramaut, ambaye alifia Batavia, mji ambao leo unaitwa Jakarta. Kwa hiyo mtoto wa Ujiji, aliyekuwa hajaiona hata bahari, alikuwa akisoma kitabu kimoja na mtoto wa Lamu, wa Mukalla na wa Jawa. Tena kitabu hakikuja peke yake ndani ya sanduku. Kilikuja na mtu aliyekisoma kwa fulani, ambaye naye alikisoma kwa fulani. Mtoto alipokosea, palikuwa na mtu wa kumrudi pale pale. Alipouliza maana, palikuwa na mtu wa kujibu, na mtu huyo alijua kuwa siku ya Kiyama ataulizwa juu ya jibu lake.

Lakini tusiwapambe wazee kwa yasiyokuwapo. Wengi walihitimu Msahafu bila ya kujua maana ya aya moja. Fimbo ilikuwa nyingi kuliko maelezo. Watoto wa kike aghalabu walitolewa chuoni mapema. Wala si kweli, kama wasemavyo baadhi yetu, kuwa orodha ya chuoni ni moja tangu zama za Masahaba na kuigusa ni bidaa. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, anaeleza kuwa Waislamu wa nchi mbalimbali walikuwa wakiwasomesha watoto namna mbalimbali. Watu wa Maghribi walimfundisha mtoto Qur'ani tu mpaka aimalize. Watu wa Andalusi walichanganya Qur'ani na mashairi, nahau na maandishi mazuri. Watu wa Ifrikia walichanganya na Hadithi. Anamtaja pia Kadhi Abu Bakr bin al-Arabi, aliyependekeza mtoto aanze na lugha na mashairi, kisha hesabu, ndipo afikie Qur'ani akiwa anafahamu anachokisoma. Ibn Khaldun aliona rai hiyo ni nzuri, ila alisema mazoea ya watu hayakubaliani nayo, tena yapo ya kuchelea: mtoto akicheleweshwa, huenda dunia ikamkatiza njiani akakua hana hata Qur'ani. Basi hoja hii ya watoto wasome nini, na waanze na nini, ina zaidi ya miaka 600 miongoni mwa wanachuoni wetu, na hawakukufurishana kwa ajili yake.

Wakaja Wajerumani. Wao hawakuleta vitabu vingi, lakini walileta jambo zito zaidi ya vitabu, nalo ni herufi. Katika shule zao za serikali, ambazo iliyotangulia ilikuwa ile ya Tanga katika miaka ya 1890, Kiswahili kilisomeshwa kwa herufi za Kizungu ili wapatikane makarani na maakida. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, karani aliyeshuka nayo alikuwa akiandika kwa herufi hizo. Mzee aliyekuwa akiandika barua zake kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, akaweka hesabu ya pembe na chumvi na kusuluhisha watu kwa maandishi yake, akaamka siku moja akahesabiwa miongoni mwa wasiojua kusoma na kuandika. Hakuna kitabu hata kimoja alichonyang'anywa, lakini mwanawe alipokwenda shule, baba hakuweza tena kusoma alichokisoma mwana. Jambo hili naliweka hapa kwa sababu nitalirudia.

Kisha Waingereza. Mwaka 1928 Mombasa pakakutanwa, Kiswahili cha Unguja kikachaguliwa kuwa msingi wa lugha ya vitabu, na mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Kitabu cha shule kilihitaji kibali cha Kamati hiyo. Kwa juhudi ya Johnson na wenziwe wakapata watoto Mashimo ya Mfalme Sulemani, Kisiwa chenye Hazina, na pia Alfu Lela Ulela. Waliosoma zama zile, nao ni umri wa baba zetu, walivipenda vitabu hivyo, na wako waliokuwa wakivisimulia mpaka uzeeni. Kiswahili chake ni kizuri. Ila katika Mashimo, wanaoondoka kwenda kutafuta mali ni Wazungu, na nchi wanayokwenda kuitafutia mali ni ya Waafrika, na msomaji hufundishwa kuogopa pamoja na Wazungu wale na kufurahi pamoja nao. Mtoto wa Kiafrika alifungua kitabu akajikuta anatembea nyuma ya mzungu wa hadithi, na hapana aliyemnong'oneza.

Mwaka 1934 kikatoka kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa. Hapa nitakaa kidogo. Mbotela alikuwa mtoto wa watu waliotekwa wakauzwa, kisha wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza na kuwekwa Freretown, karibu na Mombasa. Kitabu chake kikasomwa sana mashuleni. Ndani yake Mwingereza ni mkombozi na Mwarabu ni mshika mjeledi. Kadhalika katika somo la historia mtoto wa Ujiji alifundishwa kuwa mji wake ni mahali penye mwembe, ambapo mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone. Mnara upo mpaka leo, na wageni huja kuutazama. Kwa nini Livingstone alikuwa amerudi Ujiji katika hali ile ya unyonge, hilo lilisomwa kwa haraka au halikusomwa. Alikuwa ametoka Nyangwe, kwenye mto Lualaba, ambako tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara waliotoka huku kwetu waliwapiga risasi wanawake na wanaume waliokuja gulioni, na wengi wakafa kwa risasi na kwa kuzama mtoni.

Baadhi ya wazazi wa pwani na wa hapa Ujiji waliposikia wanayosomeshwa watoto wao walikasirika. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa amekwisha kuyaandikia magazeti yake, Sahifa na kisha Al-Islah ya mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wafungue shule zao na waandike vitabu vyao kuliko kuwatia watoto katika mikono ya wamishionari. Hii ilikuwa dawa ya mtu mwenye akili. Wengine walichukua dawa nyepesi: walimtoa mtoto shule, basi. Matokeo ya dawa nyepesi tumeyaishi miaka mingi, na sina haja ya kuyaeleza.

Sasa niulize jambo ambalo halipendezi. Je, kitabu kile kilisema uwongo? Kilichoachwa ni kingi, na ukiacha nusu ya habari umepotosha. Lakini kwamba watu waliuzwa, na kwamba Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha biashara hiyo, hilo ni kweli. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu, na wako wazee tuliowakuta ambao wazazi wao waliuzwa au waliuza. Katika Ujiji ukiulizia nasaba kwa makini utakuta katika nyumba moja damu ya aliyefunga mnyororo na ya aliyefungwa. Wengi wa Wamanyema waliokuja kutoka ng'ambo ya ziwa hawakuja wote kwa hiari, nao ndio waliokuja kuwa nguzo za misikiti yetu. Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, ametuamrisha tusimamie uadilifu na tutoe ushahidi ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa wa karibu. Aya hiyo haikuweka sharti kuwa mwenye kutaja kosa awe Mwislamu au awe na nia njema na sisi.

Tena kuna la uchungu zaidi. Waliokuwa wakiuza watu walikuwa wamepita chuoni. Orodha yao ya vitabu ndiyo ile tunayoisifu. Walisoma katika fiqhi kuwa kumwacha huru mtumwa ni kafara ya makosa na ni katika amali kubwa za kujikurubisha kwa Mola, wakasoma ukurasa huo na kufunga kitabu. Nayasema haya kwa sababu tuna maradhi ya kudhani kuwa mtoto akipata kitabu chema basi kazi imekwisha. Imamu Ghazali aliwahi kumwandikia mwanafunzi wake risala nzima, tunayoijua kwa jina la Ayyuhal Walad, na shina la maneno yake ni kuwa elimu isiyofuatwa na vitendo haimwokoi mwenye nayo. Mwanafunzi yule hakuwa na upungufu wa vitabu. Alikuwa amesoma mpaka akachoka, akawa anauliza katika vyote hivyo ni kipi kitakachomfaa kaburini.

Kizazi changu mimi kilipata orodha nyingine. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akasema wazi kuwa elimu tuliyorithi ilikusudiwa kuwatumikia wengine. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likahimiza kila mtoto aingie shule ya msingi, na mwaka 1977 ndio uliokusudiwa. Vitabu vikabadilika. Nani wa umri wetu asiyemkumbuka Kibanga aliyempiga mkoloni? Juma na Roza wakakaa katika kurasa moja, watoto wa dini mbili, hawana habari ya kubaguana. Mkulima akaingia kitabuni na jembe lake, na Kiswahili kikawa ndicho cha kusomea kila kitu. Mwalimu mwenyewe akamtia Shakespeare katika Kiswahili, katika Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Nasema bila kusita kuwa orodha hii ilimrudishia mtoto uso wake. Baba wa Ujiji aliweza tena kusikia anachosoma mwanawe na kukifahamu, maana kilikuwa kwa lugha yake, na wazee wengi walijifunza herufi za Kizungu katika kisomo cha watu wazima cha miaka ile ile.

Upungufu wake ni kuwa historia ya uovu ilimwendea mkoloni peke yake. Kibanga alipompiga mkoloni tulipiga makofi, na hapana aliyetuuliza babu zetu sisi walimpiga nani. Katika mambo ya dini, shule ilitenga kipindi kikapita. Sekondari tukabahatika kuwa na Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga aliyefariki mwaka 1962, ambaye katika Kusadikika ya mwaka 1951 aliweza kusema juu ya dhuluma ya watawala mambo ambayo wengine hawakuthubutu, na lugha yake ina harufu ya chuo kila ukurasa.

Miaka ile ile kulitokea kisa cha Rosa Mistika. Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, inamhusu msichana aliyelelewa na baba mkali wa kupiga, akaenda shule, akaharibikiwa mpaka akajiua. Ilipigwa marufuku mashuleni. Baada ya miaka ikaja ikawekwa katika vitabu vya kusomwa sekondari, kitabu kile kile, herufi zile zile. Siwalaumu waliokataza wala waliorudisha, kila mmoja alikuwa na sababu zake. Ila mzazi anayetegemea katazo la serikali limlindie mwanawe, aliwekee moyoni kuwa lililokatazwa kwa mkubwa linaweza kuwa mtihani wa mdogo.

Na leo? Kuanzia miaka ya 1990 wachapishaji binafsi waliruhusiwa kuandika vitabu vya shule, vikawa vingi, vizuri na vibovu, mpaka baadaye vya kiada vikarudishwa mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Sekondari, kwa miaka mingi, watoto wamesoma Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Ngoswe, Joka la Mdimu, Wasakatonge na Kilio Chetu. Kidato cha tano na sita wamesoma Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, na Kimbunga ya marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyekuwa mvuvi na baharia, na bado wenye digrii wanayachambua maneno yake. Hayo ni mambo ya kufurahisha.

Kinacholeta malalamiko zaidi kwetu ni Kilio Chetu. Ni tamthiliya ya mwaka 1996, iliyotolewa na Medical Aid Foundation, juu ya vijana waliozini bila ya kujua hatari, mmoja akapata mimba na mwingine akafa kwa ukimwi. Wazazi wanasema: vipi binti yangu asome hayo? Kwanza niseme kuwa kitabu hicho chenyewe kinawahusu wazazi hao. Ndani yake yumo mzazi anayeona haya kumwambia mtoto, na yumo anayesema, na mambo yanakwenda kama yanavyokwenda. Pili, na hili nalisema kama mwalimu wa chuo: tuifungue Safina. Katika kurasa zake za mwanzo kabisa, kabla ya udhu na kabla ya sala, Sheikh Salim ameweka alama za kubaleghe. Ametaja kutokwa na manii kwa mvulana na msichana, na hedhi. Baadaye kidogo mtoto anasoma yanayowajibisha josho, na miongoni mwayo ni kuingiliana. Mtoto wa miaka tisa au kumi anasoma hayo kwa sauti, mbele ya mwalimu wake, na baba yake amelipa ada na ameridhika. Karne na nusu tunasomesha hayo na hapana aliyesema chuo kinaharibu watoto.

Basi haya si sababu. Tofauti iko wapi? Chuoni neno zito linakuja na mtu. Mwalimu anamtazama mtoto usoni, anajua huyu amefahamu na yule anacheka, anaweka adabu mahali pake, anamwambia hili ni la ibada, na mpaka wake ni huu. Katika shule yenye wanafunzi themanini darasani, mwalimu mwenyewe kijana, kitabu kinakimbizwa kwa ajili ya mtihani: dhamira, wahusika, mandhari, basi. Mtoto anarudi nyumbani na mimba ya Suzi na kifo cha Joti kichwani mwake, na nyumbani hapana ajuaye kuwa amesoma. Hapo ndipo ninapoona mabadiliko ya kweli ya vizazi hivi. Orodha imekuwa ndefu, na mtu wa kujibu kwa kila mstari ametoweka. Ule ukuta uliojengwa siku herufi zilipogeuka, baba asiweze kusoma anachosoma mwana, umejengwa tena, mara hii kwa Kiingereza, na kwa simu, ambayo orodha yake haina mwisho wala mwenyewe.

Mtu atasema: basi dawa ni kuwatenga watoto na kila kilichoandikwa na asiyekuwa wetu. Huyo nimkumbushe mateka wa Badri. Wale waliokuwa wanajua kuandika na hawana cha kujikombolea, Mtume (S.A.W.) alikubali fidia yao iwe kila mmoja kuwafundisha watoto kumi wa Madina kusoma na kuandika. Walimu wale walikuwa washirikina, waliotoka vitani jana kuja kumuua Mtume. Kadhalika alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee barua zao. Hakuogopa herufi wala mwalimu mgeni, maana mtoto alipomaliza somo lake kwa mateka alirudi katika Madina yenye watu wa kumjibu. Tukiwa na wasiwasi, tuwe nao juu ya nyumba anayorudi mtoto.

Najua taabu zilizopo. Mzazi wa Rusimbi si mtu wa kukaa na kitabu. Baba anatoka jioni na taa kwenda kuvua dagaa, anarudi alfajiri. Mama yuko sokoni na migebuka. Wengine Kiingereza hawakijui kabisa, na kumwambia asome kitabu cha kidato cha tatu ni kumfanyia kejeli. Lakini chuoni mtoto husoma kwa sauti, na desturi hiyo haihitaji mzazi ajue herufi. Mwambie mwanao: nisomee ukurasa mmoja. Kikiwa cha Kiingereza, mwambie anieleze kwa Kiswahili. Asipoweza kueleza, umejua kuwa hakufahamu, na hilo nalo ni faida. Akiona haya akaruka mahali, umejua pa kuuliza. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Katika miezi ile akina baba walishinda majumbani na barazani wakilalamika, na njaa ilikuwa ya kweli, sikatai. Nyumba mbili tatu ninazozijua zilifanya hivi nisemavyo, jioni baada ya Magharibi, na katika moja yao baba aligundua kuwa mwanawe wa darasa la sita hajui kusoma. Alikuwa akipanda darasa kila mwaka. Mtoto yule sasa anasoma.

Kwa upande wa madrasa, nami ninayo haja. Miaka yote hii hatujawasomesha watoto wa Ujiji habari za mji wao wenyewe. Tumeliacha jambo hilo kwa wageni, kisha tunanung'unika walivyoliandika. Hamed bin Muhammed, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905, aliyaandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, safari zake za pembe na vita vyake bara na Manyema, na yakachapishwa tena katika miaka ya 1950 na 1960. Mbotela naye aliandika kwa Kiswahili, upande wa waliouzwa. Wote wawili ni watu wetu. Nataka vijana wakubwa wa madrasa wavisome vyote viwili pamoja, usiku wa kuamkia Ijumaa baada ya uradi, ukurasa wa huyu na ukurasa wa huyu, wazee wakiwepo, na anayejua nyumba gani ilikuwa ya nani aseme.

Mzee mmoja, ambaye namheshimu na ambaye nasaba yake ni ya wafanyabiashara wa zamani, ameniambia kuwa kufanya hivyo ni kuwafedhehesha marehemu mbele ya watoto, na Uislamu umetuamrisha tuwataje wafu wetu kwa mema. Nimemjibu kuwa waliofungwa minyororo nao ni marehemu wetu, na hawajatajwa kwa lolote. Hajakubali. Amesema atakuja usiku wa kwanza, atakaa karibu na mlango, atasikiliza.

Wabillahi Taufiq.